Mahema ya Shemeji

Wakala wa kununulia jeshi vifaa ulikuwa na kanuni iliyowakera wakubwa: hema halipokelewi mpaka limwagiwe maji. Mkaguzi wake alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza watoto.

Jenerali Kasembe aliingia ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Mahema ya shemeji yangu yapokee leo. Kumwaga maji waachie watunza bustani."

"Ni mazuri, Afande?"

"Nchi hii hakuna bora kuliko hayo."

"Ukisema wewe, mimi ni nani? Ila vijana wangu wote wako kwenye shughuli yako. Jumamosi si unaoza binti?"

Jenerali alilegea. Kama wakubwa wenzake, harusi za kwake alizifanyia chini ya mahema ya jeshi.

"Basi nifungie mahema bora kuliko yote. Waziri atakuwepo."

"Ondoa shaka, Afande."

Jumamosi, mvua ya masika ilishuka kabla pilau halijapakuliwa. Maji yalipita kwenye mahema kama kwenye chujio. Waziri alijifunika sinia kichwani. Bibi harusi alichuruzika wanja mpaka kidevuni. Jenerali, amelowa hadi nishani, alimkuta Bi Kidawa ameketi chini ya mwavuli wake, anakula taratibu.

"Umenifungia mahema gani wewe?"

"Yale bora kuliko yote nchini, Afande. Ya shemeji yako." Alimeza tonge, akachomoa kalamu. "Nitie sahihi ya kuyapokea sasa hivi, au tusubiri kwanza waziri akauke?"