Bibi Harusi Asiyekwenda Chooni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Ehee! Zamani hizo, bibi yangu hajajua hata kutambaa, palikuwa na kijiji chenye heshima za ajabu. Bibi harusi wa huko, fungate nzima, hukaa mkekani kwa mama mkwe wala haonekani akienda chooni. Akionekana, eti kwao hakufunzwa adabu!

Mboni akaolewa huko. Ana kiu, hanywi. Ana haja, anabana. Akabana. Akabana. Akabana mpaka macho yakamtoka. Giza likiingia ndipo ananyata uani.

Mama mkwe, Bi Tatu, akatamba kisimani: "Mke wa mwanangu? Utadhani hana kibofu! Huyo katoka kwa watu."

Hazikupita siku nyingi, Mboni akikojoa anaona moto. Tone, tone, na kila tone linaunguza. Kisha homa, kiuno kinamkata. Mganga akaletwa, akatikisa kibuyu, chaka chaka, chaka chaka.

"Ana jini la moto. Msimpe maji, litakasirika!"

Bi Tatu akang'aka: "Lisipotoka kufikia Ijumaa, arudi kwao!"

Mboni akalia. Mumewe anampenda, na kurudishwa ni fedheha ya maisha.

Ndipo akaja mkunga mzee, Bi Mwatime, na gudulia la maji. Akamwinamia Mboni sikioni.

"Mwanangu, unakwenda haja wakati gani?"

"Giza likiingia, bibi."

Bi Mwatime akaguna. Akawageukia watu.

"Jini nimeliona. Halitoki mpaka mama mkwe akae mkekani badala ya bibi harusi, anywe maji haya yote, na asiinuke mpaka magharibi."

"Hilo tu?" Bi Tatu akacheka. Gu! Gu! Gu! Akalimaliza.

Wanawake wakajaa kutazama. Adhuhuri, Bi Tatu akakunja miguu. Alasiri, akaikunjua. Jasho likamtoka. Akaanza kutikisika, tiki, tiki, tiki.

"Vumilia, bibi harusi," akasema Bi Mwatime. "Si kwenu walikufunza?"

"Shoga, nipishe!"

"Watu wakuone?"

"Na wanione!"

Mbio! Kanga akaiacha mkekani. Huko uani ikasikika: chwaaaa!

"Jini hilo limetoka," akasema Bi Mwatime.

Mboni akacheka, mara ya kwanza tangu aolewe. Siku ileile mumewe akampeleka kwa tabibu, akapewa dawa, akazinywa mpaka zikaisha. Bi Mwatime akamwusia: "Kunywa maji. Ukibanwa, nenda. Jifute kutoka mbele kwenda nyuma. Na ukishalala na mumeo, kojoa." Bi Tatu alikuwa kando, anasikiliza.

Mboni alirudishwa kwao? Thubutu! Mama mkwe mwenyewe akawa anamwonyesha njia ya chooni mchana kweupe.

Basi jamani, heshima isiwafanye mkaugua. Mwili ukiomba njia, upeni.

Yangu nimeyamaliza. Na wewe unayejipindapinda hapo nyuma tangu nianze, inuka uende. Hakuna anayekutazama.