Kwa Nini Bibi Huonja Asali Kabla Bibi Harusi Hajatoka Ndani

Zamani hapa Kwemkole asali ya mahari haikuonjwa na mtu. Mchumba alileta kibuyu, kikapokelewa kwa vigelegele, na bibi harusi akatoka ndani. Nani angemshuku mkwe?

Siku hizo ndipo sukari nyeupe ilipofika mara ya kwanza, imebebwa vichwani kutoka pwani. Watu waliipenda mno. Semboja, mrina asali aliyemchumbia Chausiku, aliipenda kuliko wote. Lakini alikuwa kijana mwenye haya, na aliona vibaya kunywa chai tamu huku nyuki waliomlisha miaka yote wakihangaika mabondeni. Basi akakoroga sukari kwenye beseni la maji, akaliweka chini ya mizinga.

Nyuki nao wana adabu zao, wakikaribishwa hawakatai. Wakanywa. Kesho yake wakarudi, na keshokutwa, kama wageni waliokuja kusalimia wakasahau kuaga. Hakuna nyuki aliyekwenda tena shambani. Maboga yalichanua vizuri kabisa, kisha maua yakanyauka na kudondoka bila kuacha hata kiboga kimoja. Wanawake walilaumu mvua. Semboja yeye alifurahi, maana mizinga ilijaa upesi.

Akapeleka kibuyu ukweni. Bibi yake Chausiku, Bi Mlongwe, alikuwa na njaa siku hiyo, kwani mboga zilikuwa haba. Akachovya kidole, akalamba.

"Mume wangu," akamwambia Semboja kwa utani wa bibi na mchumba wa mjukuu, "hii ni tamu. Lakini imetoka wapi?"

"Kwenye mizinga yangu, bibi."

"Mizinga naijua. Nauliza imetoka kwenye ua gani. Mimi sionji boga, sionji kunde, sionji chochote. Rudi nayo. Niletee asali yenye kwao."

Semboja alirudi nyumbani kichwa chini. Aliogopa kumkosa Chausiku, na aliumia kwa sababu alijua bibi amesema kweli. Akalimwaga beseni. Nyuki wakamzomea siku nzima, wakamuuma masikio, kisha njaa ikawapeleka mabondeni. Akahamishia mizinga karibu na mashamba, akangoja mvua. Chausiku akampelekea ujumbe: "Usiharakishe, ila usichelewe."

Mvua zikaja. Maboga yakazaa hadi yakazuia njia ya kisimani. Semboja akapeleka kibuyu kingine, asali nyeusi, nzito. Bi Mlongwe akalamba, akafumba macho.

"Boga," akasema. "Kunde. Na ule mchongoma wa kisimani." Kisha akageukia mlangoni. "Chausiku, mama, toka nje."

Na tangu siku hiyo, mizinga yetu hutundikwa kando ya maboga, uji wa harusi hutiwa asali, na sukari nyeupe huwekwa pembeni kwa mgeni atakayeiomba. Na bibi harusi hatoki mpaka bibi yake aonje na kutaja ua. Akishindwa kutaja hata moja, mchumba hurudi kwao kungoja mvua.

Bibi wa mke wangu alilamba mara tatu, nami nimesimama pale jasho likinitoka. Alitaja ua moja tu, tena kwa shida. Lilitosha.