Aliyeketi Mlangoni mwa Chuo

Wamepokezana wasimulizi, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mjane mcha Mungu aitwaye Mwanakheri, aliyepata riziki yake kwa kusuka mikeka. Alipompeleka binti yake mdogo, Hasina, kuanza chuo cha Kurani, mtoto alimng'ang'ania nguo, hataki kuachwa.

"Ingia, mwanangu. Mimi nitaketi hapa mlangoni mpaka utoke."

Hasina akaingia. Mama alipomwona ameinamia ubao wake, akanyata akaenda zake kazini. Akawa hivyo kila asubuhi, akirudi kabla mtoto hajatoka, akijisemea kuwa uongo wa kumtuliza mtoto hauna dhambi.

Siku moja wakirudi nyumbani, Hasina alimshukuru kwa kumwitikia kila alipomwita, na kumpapasa kichwa kila alipochungulia nje. Kisha akauliza, "Lakini mama, mbona pale mlangoni mkono wako huwa wa baridi?"

Mwanakheri akageuka papo hapo. Alirudi mbio kwa mwalimu, Bi Kulthumu, mwanamke wa ibada nyingi. Naye akamweleza kwamba kila siku humwona mwanamke kizingitini, amejitanda ushungi, uso kaugeuzia njiani. Akadhani ni Mwanakheri, ingawa hakuwahi kuitika salamu.

Mwanakheri akaomba apewe dua ya kumfukuza.

"Dua tutasoma," akasema Bi Kulthumu. "Lakini mahali pale uliahidi wewe kupakalia, ukapaacha patupu. Kesho mwambie mwanao kweli."

Kulipokucha, Mwanakheri alipiga magoti mlangoni mwa chuo akakiri kwa mtoto kwamba hakukaa hata siku moja. Akamwambia anakwenda kusuka, na atarudi adhuhuri, inshallah. Hasina alilia kilio cha kukata maini. Mama akasubiri naye mpaka kwikwi zikatulia, ndipo akaaga na kuondoka waziwazi.

Bi Kulthumu alimsimulia baadaye yaliyofuata. Jua lilipopanda, sauti ya Mwanakheri, tamu kabisa, iliita kutoka nje: "Hasina, nipo hapa. Njoo." Hasina hakuinua macho.

"Mama yangu hayupo," akasema. "Amekwenda. Ameniambia mwenyewe."

Mwalimu na watoto walipotazama nje, kizingiti kilikuwa kitupu, na tangu hapo hakuonekana tena mtu pale.

Enyi wazazi, mtoto husadiki neno lenu kabla hajajua kusoma herufi moja. Tuchunge ahadi tunazompa, maana ile tuliyoiacha tupu, hatujui nani atakuja kuikalia.