Mizani Tupu ya Ubeid bin Raihani

Inasimuliwa kwamba katika mji wa Basra—

La, si Basra. Huyu anayekusimulieni alikianza kisa hiki hivyohivyo siku moja huko Hodeida, kifua mbele, kilemba kikubwa kuliko elimu iliyokuwa chini yake. Mara tu alipomtaja fundi wa kisa kwa jina, bibi kizee mmoja akamkata kauli kutoka upande wa wanawake: "Shekhe, Basra imeingiaje? Huyo unayemsema ni mtu wa Zabidi, na sisi ndio wajukuu zake. Hata jina lake umelikosea." Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Msafiri wenu, aliyetembea nchi nyingi na kupotea karibu katika zote, hakuwa na la kufanya ila kuanza upya. Basi na nianze upya.

Inasimuliwa, kwa mujibu wa wenye kisa chao, kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemeni, zama za wachamungu waliotangulia, aliishi fundi mmoja akiitwa Ubeid bin Raihani, Mola amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuunda usturlabu, kile chombo cha shaba cha mviringo ambacho watu wa kale walikining'iniza kwa pete, wakalipima jua lilivyo juu mbinguni, wakajua kama wakati wa swala umeingia au bado. Alikuwa mtu wa ibada, mfungaji wa Sunna, mkono wake mwepesi kwa sadaka. Mwenyezi Mungu alimjaalia yote hayo, kisha akamjaribu kwa kifua chepesi kuwaka. Hasira ya Ubeid haikuwa na desturi ya kubisha hodi.

Juu ya uso wa chombo kile huzunguka mkono wa shaba, na kila ncha ya mkono huo ina kibao kidogo chenye tundu la kulichungulia jua. Vibao hivyo viwili sharti viwe na uzito mmoja. Kimoja kikizidi, chombo huning'inia upande, na jua lisilo na hatia husingiziwa kwamba limeshuka. Aliyesubu vibao hivyo, na aliyevitia lehemu kazi ilipokamilika, alikuwa Dahmani bin Tulaibu, rafiki wa Ubeid tangu ndevu zao hazijaota. Walikula sahani moja, wakahiji msafara mmoja.

Ikawa msikiti mkuu wa mji umemwagiza Ubeid chombo kipya. Akasema moyoni, kazi ya nyumba ya Mungu haistahili mizani yangu kuukuu. Akenda soko la mizani. Muuzaji akamtolea mbili. Moja ilikuwa ya chuma cheusi, kamba zake za katani, imenuna kama mtu aliyeamshwa kwa fujo. Ya pili mkono wake ulikuwa wa shaba yenye nakshi ya fedha, na vitanga vyake vilining'inia kwa nyuzi za hariri. Ubeid akaiinua hii ya pili, tupu. Vitanga vikacheza kidogo, vikatulia, na ulimi wa mizani ukasimama wima kama herufi ya alifu.

"Itie kitu, maalim," muuzaji akasema. "Pima upande huu, kisha hamisha upande wa pili."

"Unanifundisha mizani mimi?" Ubeid akafoka. "Mimi napima shaba tangu wewe hujaacha kunyonya!"

"Haya, maalim. Macho ni yako."

Akaondoka nayo ameikumbatia kifuani kama mtoto wa uzeeni.

Dahmani alipoleta vibao, Ubeid akatia kimoja kitanga cha kulia na cha pili kitanga cha kushoto. Cha kulia kikashuka. "Dahmani amezeeka," akasema, "macho yamefifia." Akachukua tupa, akakipara kile kilichoonekana kizito, akakipima, akakipara tena, hata vitanga vikalingana. Akavirudisha kwa Dahmani vitiwe lehemu, na chombo kikapelekwa msikitini, watu wakakisifu.

Siku chache hazikupita ila mlango wa Ubeid ulipigwa kwa fimbo. Alikuwa Shekhe Jauhari, mwangalizi wa nyakati za swala pale msikitini, mzee mpole ambaye siku ile upole wake alikuwa ameusahau nyumbani.

"Ubeid! Umetuswalisha Alasiri kabla ya wakati wake! Kivuli cha kijiti changu cha uani kiliniambia bado, chombo chako kikaniambia tayari, nami nikakisadiki chombo kwa heshima ya jina lako. Msikiti mzima umerudia swala. Tazama!" Akakining'iniza kwa pete mbele yake. Chombo kikainama upande, waziwazi, kama mlevi aliyeegemea ukuta.

Ubeid akahisi damu inampanda masikioni. Kibao kimoja kilikuwa chepesi. Lakini vibao hivyo alivipima yeye, kwa mizani ile, na vilitoka mikononi mwake vikiwa sawasawa. Baada ya mikono yake vilipita mikono mingine ya mtu mmoja tu. Hakuuliza zaidi. Alitoka kichwa wazi, bila kilemba, akashuka soko la shaba wakati limejaa watu, akapanda juu ya kibaraza cha mawe mbele ya duka la Dahmani.

"Enyi watu! Mtazameni mwizi! Amekwangua shaba ya nyumba ya Mungu!"

Dahmani alikuwa na mteja. Akaweka koleo chini. "Ubeid, ndugu yangu, ingia ndani tuzungumze."

"Siingii nyumba ya mwizi!"

"Basi vipime tena."

"Nilishapima! Mizani yangu haisemi uongo. Anayesema uongo ni wewe, na hizo ndevu zako nyeupe!"

Mteja akalirudisha mezani birika alilolishika, taratibu, kama kitu cha maiti, akaenda zake. Na wengine wakaenda zao. Maana Ubeid alikuwa mtu wa ibada, na mtu wa ibada akisema sokoni fulani ni mwizi, nani atamwomba ushahidi? Tangu siku ile tanuri la Dahmani likapoa. Wapita njia walivuka upande wa pili wa barabara ili wasimsalimu. Naye hakujitetea kwa mtu yeyote. Alikaa mlangoni mwake kwa ghadhabu iliyonyamaza, ambayo ni nzito kuliko ile ya makelele.

Ubeid naye hasira haikumwisha. Alivibandua vile vibao, akaketi na mkewe, Bibi Rumaitha, amwonyeshe ushahidi. "Tazama, mama Lubna, uone kazi ya rafiki yetu." Akavitupa vitangani. Kimoja kikashuka vibaya sana. "Umeona! Umeona!" Akavinyakua, akavipiga sakafuni, vikabingirika hadi chini ya mkeka.

Bibi Rumaitha akaviokota. "Baba Lubna, mpigie kelele Dahmani, usiipigie kelele shaba." Akavirudisha vitangani mwenyewe, hiki huku, kile kule.

Vitanga vikalingana. Ulimi ukasimama wima kama alifu.

Wakatazamana. Ubeid akavitoa, akavibadilisha upande. Mizani ikaanguka upande mmoja. Akavirudisha. Ikalingana. Vibao vilevile, mizani ileile, na majibu mawili yasiyojuana. Ndipo akauinua ule mkono wa nakshi hadi mwangani, akaupima kwa uzi kutoka katikati hadi kila ncha. Upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko wa pili kwa unene wa punje ya mchele. Aliyeutengeneza alijua, kwa hiyo akatia kitanga kizito upande mfupi, ili ikiwa tupu isimame kwa adabu. Ikibebeshwa tu, husema uongo.

Ubeid akatazama chini, pale anapofanyia kazi. Unga wa shaba ulikuwa ungali katika nyufa za sakafu. Shaba iliyokosekana haikukwanguliwa na Dahmani. Ilikuwa pale, chini ya tupa yake mwenyewe.

"Subhanallah," akasema, na mara hasira ikapata pa kwenda: kwa mhunzi wa mizani, kwa muuzaji, kwa hariri, kwa fedha. Alilaani nakshi ile kwa maneno ambayo msimulizi hawezi kuyarudia mbele ya watoto. Mkewe akamwacha amalize.

"Aliyekuuzia alikwambia uitie kitu?"

Ubeid akaanza kuufagia ule unga wa shaba kwa kiganja.

"Alikwambia?"

"Alinambia."

"Haya," Bibi Rumaitha akasema, akaenda kutazama chungu chake.

Akarudi soko la mizani. Safari hii aliichukua ile nyeusi iliyonuna, akaijaribu kwa mawe, kwa misumari, kwa pete yake ya kidole, huku kisha kule, kule kisha huku, hata muuzaji akamwomba kwa jina la Mungu aende nyumbani. Akaviunda vibao upya kwa mizani ile, na Shekhe Jauhari akakitundika chombo kikasimama wima. Ubeid akahimidi. Akadhani mambo yamekwisha, ingawa sokoni Dahmani alikuwa angali mwizi.

Maana Shetani, Mungu amlaani, alimjia kwa lugha nzuri. Alimwambia: Kwa nini ujifedheheshe? Watu watakuwa na shaka na kila chombo ulichokiunda. Mfanyie rafiki yako wema kwa siri; Mungu hupenda siri. Ubeid akaona maneno hayo yana hekima. Akapika sinia la halua kwa samli na iliki, akalifunika kitambaa kizuri, akampelekea Dahmani kwa mlango wa nyuma, pamoja na salamu kwamba lile neno lilikuwa la bahati mbaya, na moyo wake umeshatakata.

Sinia likarudi halijafunuliwa. Aliyelirudisha, binti yake Dahmani, alisimama mlangoni bila kuketi, macho yamemwiva.

"Baba anasema hakuitwa mwizi kwa kunong'onwa."

Ubeid alikasirika tena, ndiyo, hata hapo! "Namwomba msamaha ananirudishia chakula? Ana kiburi gani mtu huyu?" Akazunguka ua, akapiga ukuta kwa kiganja. Lakini safari hii kila alipotafuta wa kumkasirikia, njia ilimrudisha kwa mtu mmoja aliyepanda kibaraza bila kilemba. Akatia udhu, akaswali rakaa mbili, na zilikuwa ngumu kuliko alizozizoea.

Kesho yake, soko limejaa, akapanda kibaraza kilekile.

"Enyi watu! Mliyemsikia siku ile ni mimi, basi nisikieni na leo. Dahmani bin Tulaibu hakuiba hata punje. Mwongo ni mizani yangu, na mizani niliichagua mimi, kwa sababu ilinipendeza macho. Aliyepunguza shaba ya msikiti ni mimi kwa tupa yangu. Nimemdhulumu mtu mkweli, na ninyi mmemdhulumu kwa ulimi wangu."

Watu wakasogea karibu na kibaraza. Kisha mtu mmoja akasema, "Mashaallah, ukweli ulioje!" Mwingine akasema, "Nani leo anaweza kusimama hivyo?" Wanawake wakafuta macho. Ubeid akasikia, na machozi yakamtoka, na akaendelea. Akaeleza ubaya wa hasira. Akaeleza ubaya wa nafsi yake, mlango baada ya mlango, kama kitabu. Sauti ikaanza kuwa na mahadhi.

Nami msafiri wenu nawaambia, ndugu zangu wapenzi, mizani yoyote ikiwa tupu husimama kwa haki, nasi vivyo hivyo ni waadilifu hadi siku tunapobebeshwa kitu. Na toba nayo ni mzigo. Mtu anaweza kuanza kuibeba kwa ajili ya Mola wake akaimaliza kwa ajili ya watazamaji.

Dahmani alikuwa amesimama mlangoni mwake, koleo mkononi. Nyuma ya umati, watu wawili watatu walikuwa wakinyoosha shingo kutazama mabirika yake.

"Nisamehe, ndugu yangu!" Ubeid akalia kutoka juu.

"Nimekusamehe," Dahmani akasema. "Sasa shuka, unanizibia wateja."