Mkono wa Koplo Lubasha

Tulieni, niwape kesi. Mtu asinijibu kabla sijamaliza, maana nawajua mnavyopenda kurukia hukumu.

Katika mji wa Mwasenge walikuwapo watu watatu wenye macho. Sisemi macho ya kuonea njia, hayo hata mbuzi anayo. Masanja, fundi viatu, alikijua kila kiatu alichowahi kukigongea msumari. Nyamizi, dobi, aliitazama nguo chafu akakwambia mwenye nayo amepita wapi na amekula nini. Sikudhani, aliyekaa kota za polisi, alimjua mumewe, na hicho, niwaambieni, si kipaji kidogo.

Nyamizi alikuwa na mama, Bi Mgeni, aliyeishi kwa kusuka mikeka. Maji yalipokatika miezi mitatu, wanawake wa Mwasenge walikwenda kuketi mbele ya ofisi ya maji na ndoo zao tupu. Hawakutukana mtu, hawakurusha hata kokoto. Bi Mgeni alibeba mkeka wake ili siku isipotee bure, pamoja na kopo la miyaa ya kusukia iliyolowekwa kwenye rangi ya zambarau.

Wakaletwa askari wa kutuliza ghasia. Ghasia gani? Za ndoo? Walivaa kofia ngumu zenye vioo vyeusi, na namba za vifuani wamezibandua, kwa kuwa walijua wanachokwenda kufanya. Mmoja alimkuta Bi Mgeni amekaa na mkeka wake. Hakumwambia ondoka. Alimpiga kirungu mkono wa kulia mara tatu, kopo likamwagika, naye akakanyaga mkeka akaenda kutafuta mwingine.

Daktari alisema mkono ule hautasuka tena.

Sasa, Mwasenge wana desturi yao. Aliyemwaga damu ya mtu huketishwa kwenye mkeka mbele ya aliyemuumiza, na mwenye damu hutaja malipo. Neno ni moja, likishatajwa limepita. Lakini Bi Mgeni alisema mbele ya majirani, "Nikilitaja mimi, nitataja kifo. Atakayenitolea mtu huyu mafichoni, neno langu nimempa yeye."

Nyamizi aliposikia hivyo alifurahi, na sioni haya kulisema. Kila asubuhi alimlisha mama yake uji, na kila kijiko kilimzidishia chuki. Alitaka mkono kwa mkono.

Masanja, mdogo wake Bi Mgeni, alikuja kuutazama mkeka. Palikuwa na alama ya buti ya zambarau, na katikati ya soli kiraka cha tairi chenye misumari mitano. Akakaa chini. "Hii kazi ni yangu," alisema. "Mwezi huu nimewawekea askari watatu kiraka kama hiki. Mimi ndiye niliyemtengenezea kiatu cha kumkanyagia dada yangu." Akawataja wote watatu kwa majina, na tangu siku hiyo hakuna askari aliyempelekea kiatu.

Nyamizi alikuwa akifua sare za wale watatu. Katika mafurushi yao alipekua mpaka akapata suruali yenye matone ya zambarau kwenye pindo, ya Koplo Lubasha. Kesho yake askari wakaifuata. Akawaambia imepotea. Wakampindulia mabeseni, wakamvunjia pasi, wakampiga makofi mbele ya wateja. Suruali ilikuwa mwilini mwake, ameivaa ndani ya gauni.

Mkeka na suruali vilipofikishwa kituoni, Lubasha aliitwa akacheka. "Suruali huazimwa kotani," alisema. "Na buti vilevile."

Mkuu wa kituo naye akasema ushahidi huo haumshiki mtu.

Ndipo Sikudhani, mke wa Lubasha, akatoka kotani mchana kweupe, mkononi ana kirungu kilichofungwa kwenye kanga. Kilikuwa na damu, na damu imeganda na uzi wa miyaa. "Alikificha uvunguni," alisema. "Usiku ule alikula akashiba, akaniambia leo nimemfunza adabu bibi mmoja wa mikeka." Mkuu wa kituo akakipokea kile kirungu. Akamvua Lubasha cheo, akamwacha akakae mkekani kabla ya kwenda kwa hakimu.

Basi Lubasha akaketishwa, mkono wa kulia ameulaza juu ya ile alama ya buti, kirungu kando yake. Kila mmoja wa watatu akadai neno.

Masanja alisema, "Avuliwe buti. Peku, mbele ya watu wote, abebe ndoo ya maji kichwani mpaka mlangoni kwa kila mwanamke aliyekuwa pale ofisi ya maji."

Nyamizi alisema, "Avunjwe mkono. Kwa kirungu hichihichi, mara tatu. Nivunje mimi."

Sikudhani alisema, "Asivunjwe. Awe anakuja kumlisha Bi Mgeni kwa mkono huo, kijiko kwa kijiko, asubuhi na jioni, mpaka mmoja wao afe."

Nyamizi akamgeukia kwa hasira. "Wewe unamwokoa mumeo!"

"Mfupa wake utaunga kwa wiki sita, mdogo wangu. Atarudi kujisifu."

"Wa mama yangu haukuunga."

"Ndiyo maana nasema hivyo. Kama huniamini, muulize mwenyewe anataka kipi."

Nyamizi akachuchumaa mbele ya Lubasha. "Unataka kipi?"

Lubasha alimtazama Bi Mgeni, na Bi Mgeni hakuyaondoa macho yake. Mwanamume yule akayainamisha yake. Akausukuma mkono wake karibu na kirungu.

"Nivunjeni," alisema.

Nyamizi alikuwa ameshakishika kirungu. Siku zote zile alikiwazia, na sasa mwenye mkono ndiye anayemwomba akitumie. Akabaki nacho hewani, hajui kama anachopewa ni kisasi chake au ni njia ya Lubasha kukimbia.

Haya, semeni sasa. Bila Masanja, wangemtafuta wapi? Bila Nyamizi, kati ya watatu wangemshika yupi? Bila Sikudhani, si angekuwa bado anacheka? Neno ni moja, na mkono uko mkekani. Wewe uliyekaa hapo, ungempa nani?