Kangaga la Mama Naelijwa

Mtu mmoja alikuwa na mama aliyezeekea milimani, ukingoni mwa msitu usiokauka. Mwaka mmoja mvua iliporomosha ardhi, na nyumba ya mama ikaenda nayo. Mtu huyo, Mbazi, mkulima wa maharage, akapanda kumchukua, akamleta kwake tambarare. Mama Naelijwa hakuja na kitu ila sufuria moja, na ndani yake kangaga la msituni, mmea wa majani yaliyochanika kama manyoya, alilolichimbua pamoja na udongo wake.

Mbazi alimpenda mama yake. Alimpa chumba chenye dirisha kubwa, akamchinjia kuku. Kangaga nalo akaliweka juani, akalitia mbolea, kama alivyozoea shambani. Likaungua ncha. Mama naye akawa hali chakula vizuri, wala hasemi. Akiulizwa kama ameshiba hujibu tu, "Nashukuru, baba."

Siku moja Mbazi alipindua jani akaona madoa ya kahawia yamejipanga mistari miwili. Kutu, ule ugonjwa wa majani, ilikwisha kummalizia shamba zima la maharage. Akasema, "Kutu hii!" akatwaa kisu ayakate majani yote. Mama akainuka mkekani, akamshika mkono.

"Weka kisu chini, baba. Hiyo si kutu. Kangaga halitoi ua. Hizo ndizo mbegu zake."

Mbazi akaketi. Miezi minne walikuwa nyumba moja, na hakuwa amemwuliza mama jambo lolote ila kama ameshiba. Akaona haya. Akasema, "Basi nifundishe, mama."

Wakalihamishia kivulini, kando ya mtungi. Wakafunga jani moja katika karatasi hata likamwaga vumbi lake, wakalinyunyiza juu ya kipande cha tofali kilicholowa, wakakifunika kwa bilauri. Wiki nane hakikuonekana kitu. Kisha ukatanda utando wa kijani. Mbazi akadhani ni ukungu, akataka kuukwangua, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu ashuke mlimani. Ikawa kila asubuhi wanachuchumaa pale pamoja, mama akieleza, mwana akisikiliza, na uji wake mama akaumaliza. Masika yalipoingia, vikachomoza vichipukizi vilivyojikunja kama ngumi za mtoto mchanga.

Ninyi mliowaleta wazazi wenu nyumbani, mkawalisha na kuwavika: ni lini mara ya mwisho mlipowaomba wawafundishe kitu?