Beseni Nyuma ya Mlango

"Maji ya viazi hayamwagwi kabla hayajatulia," alisema Nyanya Kinya, na vijana wote waliokuwa jikoni wakaangua kicheko.

Walikuwa na sababu ya kucheka, maana mazungumzo yalihusu golikipa. Mjukuu wake Mwenda, nahodha wa timu ya kijiji, alikuwa ameapa kumtimua mlinda lango mpya, kijana mgeni aliyefungwa mabao mengi hata mwamuzi akachoka kupuliza filimbi.

"Nyanya," Mwenda akasema, "sisi tuko uwanjani, wewe uko kwenye sufuria. Viazi vimeingiaje hapo?"

"Vimeingia kwa sababu golikipa wako hudaka mpira kama kiazi cha moto," bibi akajibu. "Keti. Nawe Karimi, mpe kisu. Hadithi yangu haisikilizwi na mikono mitupu. Menyeni viazi, na mimi niwamenyee methali. Haikudondoka na mvua, ilizaliwa katika jiko la mama yangu, ng'ambo ya mto ule. Chanzo chake ni hiki."

Wakati huo Kinya alikuwa msichana wa shule, mdomo mrefu kuliko sketi. Kaka yake Mutuma aliendesha lori la viazi kutoka huku Kibirichia, kwenye baridi ya mlima, kuteremka hadi Isiolo kwenye joto na vumbi. Alishuka na viazi miaka mingi. Siku moja akapanda na mke.

Mke huyo aliitwa Darmi, msichana wa Kiborana, mrefu, mpole, mwenye maneno machache kama mvua ya kwao. Alifika amejitanda shuka mbili na bado akatetemeka. Mkononi alibeba kopo la bati alilopewa na mama yake, akamkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili. Lakini haya ilimbana hata akashindwa kusema ndani mna nini.

Mama mkwe wake, Nkatha, alifungua, akaona kitu cheupe kilichoganda, akanusa. "Mafuta ya kujipaka," akaamua, na kopo likapandishwa rafuni.

Lilikaa pale hadi baba mkwe, Mzee Murithi, alipokosa rangi ya viatu. Akachota kidole kimoja, akapaka buti. Ziling'aa mpaka akajitazama ndani yake! Shida ikawa mbwa. Alitoka kwenda kikao cha wakulima na mbwa wake mmoja, akarudi na mbwa wa kijiji kizima, wote wakimlamba visigino. Mzee aliamini ameanza kupendwa.

Darmi aliona yote, akanyamaza. Mkaza mwana atamwambiaje baba mkwe kwamba anatembea na chakula viatuni? Maana lile kopo lilikuwa la nyirinyiri. Ni nyama ya ng'ombe iliyochanwa vipande virefu, ikaanikwa juani mpaka ikakauka kama kuni, ikakatwakatwa, ikakaangwa, kisha ikazamishwa katika samli yenye iliki. Samli ikiganda huioni nyama. Unauona weupe tu.

Hilo la kopo lingeweza kungoja. Lililomponza Darmi lilikuwa maji.

Kwa Nkatha, mto ulipita nyuma ya boma na mvua ilikaa juu ya paa kama kuku. Maji yakichafuka yanamwagwa mlangoni, basi. Lakini Darmi alikulia mahali ambapo maji ya kunawa mikono huoshewa sufuria, na maji ya sufuria hunywewa na mbuzi, na mbuzi hushukuru. Kila alipoambiwa "mwaga", mkono wake ulikataa. Akaanza kuyaweka kwenye mabeseni, moja chini ya meza, jingine kando ya kuni, jingine nyuma ya mlango. Nkatha alijikwaa asubuhi, akajikwaa jioni.

"Jiko langu si bwawa!" alifoka. "Wewe msichana, utatufugia vyura humu?"

"Nisamehe, mama," Darmi alijibu, akayatoa nje. Kesho yake beseni lilikuwa limerudi nyuma ya mlango.

Jembe nalo lilimshinda. Maneno hayakumtoka. Miezi ikapita, na Nkatha akafanya shauri peke yake. Mutuma akiwa safarini, akatuma ujumbe Isiolo kwamba mjomba wake Darmi aje Jumamosi, kuna mazungumzo.

Kinya ndiye aliyevujisha siri. Hakuwa na kifuniko, Kinya.

"Wifi, mjomba wako ameitwa."

"Ameitiwa nini?"

"Mama anasema mtu asiyejua jembe, asiyesema, anayeficha maji machafu kama dhahabu, heri arudi kwao mapema kabla hajazoea."

Darmi hakulia. Aliinama akaendelea kufagia palipokwisha kufagiwa. Tatizo ni kwamba alikuwa amekwisha zoea. Alizoea kicheko cha Mutuma, na ukungu wa asubuhi ambao mwanzoni aliudhania moshi. Alimzoea hata mama mkwe mwenyewe, ambaye alifoka mchana lakini usiku alimwongezea blanketi bila kusema neno. Na sasa angerudishwa kwao kama gunia lililooza, mbele ya mama yake aliyemfungia lile kopo.

Desturi ya huku haijabadilika: mgeni haambiwi jambo kabla hajala. Nkatha alikuwa amepanga Jumamosi anunue nyama na unga sokoni, awashibishe wageni vizuri, ndipo awaambie kwa adabu wamchukue mtoto wao. Lakini mjomba Halake alipata lori lililokuwa likipanda mlima siku ya Ijumaa. Mtu wa kwao haachi lori lipite. Mchana huo akapiga hodi na wazee wawili, vumbi mpaka kwenye nyusi, njaa imewatangulia mlangoni.

Nyumbani hapakuwa na nyama. Unga wa ngano ulikuwa umekwisha, na kuku mmoja tu aliyekuwa akitaga alikuwa amelalia mayai yake na hakutaka mazungumzo na mtu.

"Viazi," Nkatha akasema huku akikunja mikono ya sweta. "Viazi havijawahi kuniangusha."

Na kweli, mwanamke huyo alisifika mpaka Timau kwa chapati zake za viazi. Zilitengenezwa kwa viazi vibichi. Alivikwaruza kwenye bati alilolitoboa kwa misumari, akavikamua kwa kitambaa, akachanganya na yai, unga na kitunguu, kisha akatandaza kwenye mafuta ya moto hadi zikawa kahawia na kavu. Ukiuma moja, jirani anasikia.

Siku hiyo alikwaruza, akakamua, akamwachia Darmi beseni la maji yaliyotoka. "Mwaga," akasema bila kugeuka. Akatandaza viazi kikaangoni, bila yai, bila unga, akiomba Mungu.

Chapati ya kwanza alipoigeuza ilivunjika. Ya pili ikasambaratika. Ya tatu haikungoja kugeuzwa, ilitawanyika kama watu walioona askari kanzu. Sebuleni Mzee Murithi alisikika akiwasimulia wageni kuhusu mbolea kwa mara nyingine, na mjomba Halake akikohoa kikohozi cha mtu mwenye njaa na adabu.

Nkatha alitupa mwiko. Alipogeuka kutafuta pa kuweka hasira, akaliona beseni nyuma ya mlango, na maji ya viazi yamo, mekundu, machafu, hayajamwagwa.

"Hata leo!" alisema kwa sauti ya chini, ili wageni wasisikie. "Hata leo, mbele ya watu wako mwenyewe!" Akalikamata beseni alitoe nje.

Darmi angeweza kumwacha. Kikaango kilikuwa kimeshindwa, siku imeharibika, na yeye kesho yuko kwenye lori. Lakini aliona mama mkwe akiutupia jicho mlango wa sebuleni, akajua kwamba haikuwa hasira tupu. Mwanamke huyu alikuwa karibu kuaibika ndani ya nyumba yake, na aibu hiyo Darmi hakuweza kuivumilia. Akashika ukingo wa pili wa beseni.

"Mama, usimwage."

"Achilia."

"Yana kitu chini."

"Yana matope!"

"Yana kitu cheupe. Kila siku nakiona. Yakitulia, kinakaa chini, kinashika vidole kama gundi. Mimi hukipaka kola za mashati ya Mutuma zikasimama." Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema maneno mengi hivyo, akaishiwa pumzi. "Tafadhali, mama. Usimwage kabla hayajatulia."

Kinya, aliyekuwa akimenya kitunguu pembeni, alisahau kulia kwa kitunguu. "Mama, kweli kola za Mutuma zimesimama," akasema. "Tulidhani ni mapenzi."

Nkatha akaachilia. Kwa kuvutana kwao maji yalikuwa yamevurugika, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Wakaketi, mmoja huku na mwingine kule, beseni katikati kama mtoto mgonjwa.

"Nani alikufundisha?" Nkatha akauliza.

"Hakuna. Kwetu mama alikuwa akitoka alfajiri kufuata maji, anarudi jua kali. Ukimwaga, unamwaga miguu yake." Darmi akatazama chini. "Hapa ninajua mto uko karibu. Mkono ndio haujajua."

Nkatha alilitazama beseni. Alikuwa ameishi na msichana huyu miezi yote hiyo, akamwambia "mwaga" kila siku, na hakuwahi kumwuliza kwa nini hamwagi.

"Na nyama je?" aliuliza hatimaye, sauti imelegea. "Au nayo umeificha nyuma ya mlango?"

Darmi akainua macho hadi rafuni.

Kopo likateremshwa. Alichimba kwa kijiko chini ya samli, pale kidole cha mzee hakikuwahi kufika, akatoa vipande vya nyama vyekundu vilivyokaza. Harufu ya iliki ikajaa jiko. Mzee Murithi akachungulia mlangoni.

"Mbona mnapika dawa yangu ya viatu?"

"Onja kwanza, baba," Kinya akamwambia.

Mzee akaonja. Akatafuna polepole, akazitazama buti zake, kisha mbwa aliyelala karibu nazo kwa imani. "Kumbe miezi hii yote," akasema, "nimekuwa nikivaa mchuzi!"

Nkatha alicheka mpaka akashika ukuta. Darmi naye akacheka, na Kinya aligundua kwamba hajawahi kumsikia wifi yake akicheka.

Maji yalipotulia, Darmi aliinamisha beseni taratibu, akayaacha yateremke yenyewe katika ndoo, maana hata hayo hakuyatupa, ng'ombe alikuwapo. Chini kabisa ulibaki unga mzito mweupe kama chokaa. Nkatha akauchota, akaurudisha kwenye viazi vilivyokamuliwa, akatia chumvi na kitunguu, akatandaza katika samli ya nyirinyiri. Wakangoja kingo zibadilike rangi. Kisha akageuza.

Haikuvunjika.

Wageni walikula wasiongee. Zilisikika chapati tu, krap, krap, na nyama iliyochambuliwa juu yazo. Mjomba Halake alifumba macho alipoitambua nyama ya dada yake huku kwenye ukungu. Aliposhiba alinawa mikono, akaweka fimbo yake mbele.

"Tumekula, tunashukuru. Sasa tuambieni. Mmetuitia nini?"

Jikoni Darmi alisimama nyuma ya mlango, karibu na beseni tupu, mkono kifuani. Kinya alimshika kidole kimoja akakibana.

Nkatha alilainisha kitambaa chake cha kichwani.

"Nimewaita niwashukuru," akasema. "Nimechelewa, maana shukrani hii ilipaswa kuja kwenu kwa miguu yangu mwenyewe. Mlinipa mtu, mimi nikamwona mafuta ya kupaka. Mlinipa macho yanayoona nisichokiona, mimi nikajikwaa juu yake kila siku. Ndugu zangu, mimi nilikuwa karibu kumwaga maji ya viazi kabla hayajatulia."

Mjomba Halake alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayepokea hekima ya kale. "Methali nzuri. Ni ya wazee wenu?"

"Hapana," Mzee Murithi akajibu huku akificha buti chini ya kiti. "Ina umri wa sufuria moja. Bado ni ya moto."

Wageni waliondoka kesho yake na gunia la viazi, na chini yake Nkatha alikuwa amefunga kitenge kipya cha kumpelekea mama yake Darmi. Mutuma aliporudi kutoka safarini, alishangaa kukuta mama yake amenunua mabeseni mapya, yenye maua.

Nyanya Kinya akaweka kisu chini. Viazi vilikuwa vimekwisha kumenywa, kukwaruzwa na kukamuliwa zamani, maji yake yamo katika beseni.

"Kwa hiyo huyo Darmi alikaa?" Karimi akauliza.

Kabla bibi hajajibu, mlango ulisukumwa, akaingia kikongwe mrefu aliyejitanda shuka mbili, na kopo la bati mkononi. Vijana walimjua tangu utotoni kwa jina moja tu, Nyanya Beseni, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

"Nimesikia kuna watu wanakwaruza viazi," kikongwe akasema. "Nani amemwaga maji?"

Mwenda akainuka polepole, akalichukua beseni lililokuwa karibu na mguu wake, akaliweka nyuma ya mlango kwa mikono miwili.

"Hakuna, nyanya," akasema. "Na golikipa atacheza Jumamosi. Na Jumamosi nyingine pia."

Mawifi hao wawili wakatazamana, wakacheka kama wasichana. Kisha Nyanya Darmi akaketi pembeni mwa beseni, na wote wakangoja naye, kwa maana maji ya viazi hayamwagwi kabla hayajatulia.